Bill Wilson: Mume Aliyesaidiwa na Mlevi Mwenzake

Malalamiko ya kina mama wa Likoni, Kisauni na Changamwe kuhusu pombe yanafanana kama shilingi kwa ya pili. Bwana hupokea mshahara wake au malipo ya kibarua, hupitia mangwe kwa mnazi au nyumba ya chang'aa, na nyumbani hufika usiku mikono mitupu. Asubuhi huomba msamaha na kuapa. Kwa juma moja au mawili huwa mtu mwema, kisha hurudi kule kule. Bibi amelia, amegomba, amenyamaza, amewaita wazee, amerudi kwao na kubembelezwa. Mwisho hujiuliza: nimekosa nini mimi? Kama angalinipenda, si angaliacha?

Swali hilo alijiuliza pia mwanamke mmoja wa Marekani kwa karibu miaka 17. Jina lake lilikuwa Lois, na bwanake, Bill Wilson, ni mmoja wa watu wawili walioanzisha vikundi vya walevi wanaosaidiana, ambavyo leo vimeenea karibu dunia nzima. Tuyatazame maisha yao, kwa maana ndani yake kuna jibu kwa kina mama hawa. Nalo huenda likawafaa pia kina baba wenye wake wanywaji, ambao nao wapo, ingawa hufichwa zaidi.

Utoto wa upweke

William Griffith Wilson alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont. Nyumba yenyewe ilikuwa hoteli ndogo ya bibi yake, na chumba alimozaliwa kilikuwa nyuma ya baa. Baba yake alifanya kazi katika machimbo ya mawe, naye alipenda kinywaji. Bill alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, wazazi wake walitengana. Baba alikwenda mbali, mama akaenda mji wa Boston kusomea utabibu. Bill na dada yake mdogo Dorothy waliachwa kwa babu na bibi mzaa mama.

Kijana huyu aliona kwamba ameachwa kwa sababu hafai, akaazimia kuwa wa kwanza katika kila jambo. Babu yake alipomwambia kwamba ni wenyeji wa Australia peke yao wanaoweza kutengeneza kile kijiti kilichopindwa ambacho ukikirusha hurudi, Bill alichonga vijiti kwa miezi sita mpaka kimoja kikarudi kweli. Alifaulu shuleni, katika michezo na hata kupiga fidla. Lakini mwaka 1912 msichana aliyempenda, Bertha, alifariki baada ya upasuaji, na Bill akaingia katika huzuni nzito iliyomsumbua muda mrefu. Tangu hapo, nje alionekana hodari, bali ndani alijiona mnyonge.

Glasi ya kwanza

Mwaka 1917 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na Bill akawa afisa wa jeshi la mizinga. Kambi yake ilikuwa karibu na mji wa New Bedford, ambako matajiri waliwaalika maafisa vijana katika karamu zao. Bill alikuwa mtu wa haya, hakujua aseme nini wala aweke wapi mikono. Mtu akampa glasi ya pombe. Haya ikamtoka palepale, akajiona yu sawa na wengine wote. Hakuanza kunywa kwa sababu ya uovu. Alianza kwa sababu pombe ilimpa kwa dakika chache kile alichokikosa tangu utotoni. Vijana wetu wengi huanza hivyo hivyo, arusini au matangani, wakitafuta kuondoa haya.

Tarehe 24 Januari 1918 alifunga ndoa na Lois Burnham huko Brooklyn, New York. Lois alikuwa binti wa daktari, amemzidi Bill miaka minne, mwenye elimu na moyo wa furaha. Waliharakisha arusi kwa sababu ya vita. Bill akavuka bahari, akarudi salama mwaka 1919. Lois aliona mapema kwamba mumewe anakunywa kupita kiasi, lakini aliamini kwamba upendo wake utamtosha hata aiache pombe. Ni imani ambayo mabibi arusi wengi huingia nayo katika nyumba zao.

Katika miaka 1922 na 1923 Lois alipata mimba tatu, na zote zilitunga nje ya mfuko wa uzazi. Wakaambiwa kwamba hawatapata mtoto. Waliomba kupewa mtoto wa kumlea, wakangoja, wasipewe. Baadaye walikuja kujua kwamba ulevi wa Bill ndio uliowanyima. Hata hivyo Lois hakumwacha. Mwaka 1925 waliacha kazi, wakapanda pikipiki yenye kigari cha pembeni, wakazunguka nchi wakilala katika hema. Bill alichunguza viwanda ili awashauri wanunuzi wa hisa, na Lois alitumaini kwamba mbali na baa za mjini mumewe atapona. Uchunguzi ule ulileta fedha nyingi. Pombe nayo ilirudi, na fedha zikaifanya iwe nyingi zaidi.

Ni vema tukumbuke kwamba tangu 1920 hadi 1933 sheria ya Marekani ilipiga marufuku kuuza pombe nchini kote. Miaka ile ile ndiyo Bill alizama zaidi. Kenya nayo ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, na chang'aa haikukosekana vichochoroni mpaka sheria ile ilipofutwa mwaka 2010. Sheria ina kazi yake, lakini aliyekwisha kuwa mtumwa wa pombe huijua njia ya uani.

Ahadi katika Biblia

Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka na mali ya Bill ikapotea. Walirudi kukaa katika nyumba ya wazazi wa Lois, nambari 182 barabara ya Clinton, Brooklyn. Lois, binti wa daktari, akaajiriwa katika duka kubwa. Jioni alirudi amechoka kumpikia mume aliyeshinda nyumbani na chupa. Kati ya 1928 na 1930 Bill aliandika ahadi zake katika Biblia ya nyumbani, zaidi ya mara moja, kwamba hatakunywa tena. Hakuwa akidanganya. Kila mara aliandika kwa moyo wote, na kila mara alishindwa.

Mwaka 1933 shemeji yake alimlipia matibabu katika hospitali ya Towns, New York. Huko alikutana na Daktari William Silkworth, aliyewatibu walevi maelfu. Daktari huyu alifundisha jambo ambalo wakati ule wachache walilikubali, kwamba ulevi wa namna ile ni ugonjwa. Mwili wa mlevi ukionja pombe hauwezi tena kusimama, na akili yake humrudisha kwenye glasi ya kwanza hata baada ya miezi mingi ya uzima. Bill alifurahi kuujua ugonjwa wake, akatoka, akalewa tena. Katikati ya mwaka 1934 daktari alimweleza Lois kwamba mumewe akiendelea hivyo atakufa au atarukwa na akili, ama itabidi afungiwe. Kujua ugonjwa kulikuwa kwema, lakini hakukutosha.

Rafiki jikoni

Mwishoni mwa Novemba 1934 alikuja mgeni. Alikuwa Ebby Thacher, rafiki wa ujana na mlevi mwenzake. Bill alifurahi akidhani amepata wa kunywa naye. Waliketi jikoni, Bill akammiminia, Ebby akakataa. Alikuwa mkavu, macho yake safi. Akaeleza kwamba alijiunga na kikundi cha Kikristo kilichoitwa Oxford Group, akakiri makosa yake mbele ya wenzake, akaanza kulipa madhara aliyowatendea watu, na akamwomba Mungu kadiri alivyomwelewa.

Bill alikwisha kusikia mahubiri mengi. Lakini huyu aliyeketi mbele yake hakuwa mhubiri wala daktari wala mke. Alikuwa mtu ambaye jana alilala katika shimo lile lile. Wahenga wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ebby alikilalia.

Tarehe 11 Desemba 1934 Bill aliingia hospitali mara ya mwisho. Humo, katika kukata tamaa, alimlilia Mungu, akapata amani ambayo hakuwahi kuijua. Hakuonja pombe tena mpaka kufa kwake, miaka 36 baadaye.

Jumamosi ya Akron

Alipotoka, Bill alianza kuwakusanya walevi na kuwaleta nyumbani kwa Lois. Miezi ilipita, hakuacha hata mmoja. Alipomlalamikia mkewe, Lois alimwonyesha jambo ambalo yeye hakuliona: mmoja alikuwa ameacha, naye ni Bill mwenyewe.

Mei 1935 alikwenda mji wa Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara. Shughuli ikaharibika. Jumamosi, mkesha wa Sikukuu ya Kina Mama, alibaki peke yake katika hoteli, mfukoni fedha chache, na kutoka baa akasikia vicheko. Alitambua kwamba yu karibu kuanguka, na kwamba dawa ni moja tu: kumpata mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alikwenda kwenye simu, akawapigia wachungaji wa mji mmoja mmoja. Hatimaye alimpata mama mmoja, Henrietta Seiberling, aliyemfahamu daktari mpasuaji mwenye shida hiyo hiyo. Jumamosi ile daktari alikuwa amelewa chakari, hakuweza kutoka. Wakaahidiana kesho yake.

Daktari Robert Smith, aitwaye Bob, alifika na mkewe Anne Jumapili tarehe 12 Mei, saa kumi na moja jioni, akisema kwamba hatakaa zaidi ya robo saa. Waliagana baada ya saa tano usiku. Daktari huyu alikuwa na elimu ya mwili, na kwa zaidi ya miaka miwili alihudhuria mikutano ya sala pamoja na mkewe, lakini hakuweza kuacha. Sasa alikutana na mtu wa kwanza aliyeujua ulevi kwa kuuishi. Bill hakumhubiria, alimweleza habari zake mwenyewe. Tena alimwambia wazi kwamba amekuja kwa sababu yeye Bill ndiye aliyehitaji msaada. Bob alianguka mara moja tena, kisha akanywa kinywaji chake cha mwisho tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina yao.

Wawili hao walikwenda hospitalini wakamtafuta wa tatu. Mwaka 1939, walipokuwa kama watu mia moja, Bill aliandika kitabu chenye hatua 12 walizozifuata. Hatua ya kwanza ni kukiri kwamba pombe imenishinda. Ya mwisho ni kwenda kumsaidia mwingine.

Kiatu cha Lois

Wasomaji wenye ndoa, hapa tusikilize vizuri. Mume sasa hakunywa. Je, Lois alifurahi? Alifurahi, lakini kitu kilimkereketa. Jioni moja Bill alipomhimiza wajitayarishe kwenda mkutanoni, Lois alishikwa na hasira, akavua kiatu akamrushia. Baadaye aliketi akajichunguza. Kwa miaka 17 alijaribu kumponya mumewe kwa mapenzi, kwa machozi na kwa jasho lake dukani, asiweze. Kisha walevi wachache wakaweza. Alikuwa na wivu. Aligundua pia kwamba miaka hiyo yote alikuwa akiishi maisha ya Bill, si yake mwenyewe, na kwamba yeye naye alihitaji kuponywa.

Alianza kukutana na wake wengine waliokuwa wakingoja waume zao mikutanoni. Mwaka 1951 yeye na rafiki yake Anne waliandika barua kwa vikundi 87 vya jamaa za walevi, na hapo ndipo ulipoanzishwa ushirika wa Al-Anon, wa wake, waume na watoto wa wanywaji. Humo mke hafundishwi namna ya kumkomesha mumewe. Hufundishwa kwamba hakuusababisha ulevi ule, hawezi kuutawala wala kuuponya, na kwamba anaweza kuishi kwa amani hata kabla mume hajaacha.

Hakuwa malaika

Mwaka 1939 nyumba ya Clinton ilichukuliwa na benki. Kwa miaka miwili Bill na Lois walihamahama kwa marafiki, mara zipatazo 50, mpaka mwaka 1941 walipopata nyumba ndogo huko Bedford Hills. Padre Mjesuiti aitwaye Edward Dowling, aliyewahudumia sana watu wa ndoa, alimjia Bill usiku wa baridi mwaka 1940, akawa rafiki wa roho yake hadi kufa. Huko Akron, Sista Ignatia alimsaidia Daktari Bob kuwalaza walevi katika hospitali ya Mtakatifu Thomas wakati ambapo hospitali nyingi ziliwakataa. Bill mwenyewe hakuwa Mkatoliki.

Wala hakuwa mtakatifu. Alisumbuliwa na huzuni miaka mingi baada ya kuacha pombe. Waandishi waliochunguza maisha yake wameandika kwamba hakuwa mwaminifu daima kwa Lois. Alivuta sigara hata mapafu yakaharibika. Ebby, aliyemletea habari njema jikoni, alirudia pombe mara nyingi, na Bill akamtunza miaka mingi bila kumdharau. Kumbukumbu za wauguzi zinaonyesha kwamba Bill alipokuwa mahututi aliomba wiski, wasimpe. Miaka 36 haikuiua kiu ile. Ndiyo maana kikundi ni cha maisha yote, hakina cheti cha kuhitimu.

Bill alifariki tarehe 24 Januari 1971, siku ile ile waliyotimiza miaka 53 ya ndoa. Amezikwa East Dorset, na kaburi lake halitaji kazi aliyoifanya. Lois alifariki mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 97, akazikwa kando yake. Leo vikundi vile vina takriban watu milioni 2 katika nchi zipatazo 180.

Na sisi wa huku?

Vikundi hivyo viko Kenya pia, na Mombasa vinakutana. Hakuna ada. Sharti ni moja, nia ya kuacha pombe. Mtu hutaja jina lake la kwanza tu, na yanayosemwa ndani hayatoki nje. Jambo hili ni kubwa kwetu, ambako jirani husikia hata mwiko ukigonga sufuria. Si dhehebu. Mkristo wa kanisa lolote na mtu wa dini nyingine huketi pamoja, kila mmoja akimwomba Mungu kwa jinsi anavyomjua.

Lakini kwanza hospitali. Aliyekunywa kila siku kwa miaka asifungiwe nyumbani aache kwa ghafla. Anaweza kutetemeka, kuanguka kifafa, kuona yasiyoonekana, hata kufa. Bill mwenyewe alianzia hospitalini. Sisi wa upande huu tunayo hospitali ya Port Reitz, Changamwe, yenye kitengo cha wagonjwa wa akili. Ulizeni pale juu ya matibabu, na juu ya kikundi cha karibu. Shirika la serikali la NACADA nalo lina simu ya bure ya mashauri, nambari 1192.

Ewe mama, usilipe madeni yake ya mangwe wala usimpigie mwajiri simu kusema anaumwa homa. Zungumza naye asubuhi akiwa hajalewa, kwa maneno machache, umweleze mahali pa msaada. Akikupiga, au watoto wakiwa hatarini, ondoka kwanza ukae salama. Kuvumilia ndoa si kuvumilia ngumi. Akianza kwenda kikundini, usimwonee wivu kwamba wenzake wanajua mambo ambayo wewe hukuambiwa. Nawe tafuta wenzako. Ewe baba, kukiri mbele ya mwanamume mwenzako kwamba pombe imekushinda hakukupunguzii uanaume. Daktari mpasuaji alikiri.

Na kama upande wenu hakuna kikundi, mtafuteni mmoja tu aliyeacha, hata ikibidi kuvuka feri. Pale Akron walikuwa wawili.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika nyumba yetu, ni nani anayeficha makosa ya mnywaji, na kwa nini?

2. Je, tunamjua mtu mmoja aliyeacha pombe ambaye tunaweza kumwomba azungumze na ndugu yetu?

3. Mke au mume wa mnywaji anaye nani wa kumweleza yake bila kuona aibu?